Subaru ina zaidi ya kelele
Mkuu, umeuliza kama Subaru ina lolote zaidi ya kelele za ekzosi. Inalo. Asili yake ni Nakajima, waliotengeneza ndege za kivita za Japani. Baada ya vita kampuni ikavunjwa, na mwaka 1953 vipande vyake kadhaa vikaungana kuwa Fuji Heavy Industries, kampuni iliyokuja kutengeneza magari ya Subaru. Ile injini ya pistoni zilizolala ubavu ilianza na Subaru 1000, mwaka 1966. Huku kwetu jina lilipandishwa na Safari Rally: dereva Colin McRae alishinda 1997, Richard Burns 2000, wote na Subaru Impreza.

Lawama nazo ni za haki. EJ25, yaani injini za Subaru za lita 2.5, zile za zamani zisizo na turbo, zinajulikana kwa gasketi ya silinda hedi kuvuja. Kabla hujalipia gari, fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi, washa, tazama kama maji yanatoa mapovu mfululizo; hiyo ni dalili ya gasketi kuvuja.