Anakoroma, kisha kimya: majibu ya barua zenu

Barua nyingi nilizopokea kuhusu kukoroma hazikuandikwa na wanaokoroma. Zimeandikwa na mke, mama, binti, tandiboi, yaani mtu aliyekuwa macho usiku akisikiliza pumzi ya mwenzake. Nimekaa zamu za usiku wodini miaka mingi, na hali hiyo ya kuisubiri pumzi ifuatayo naijua. Ushahidi wenu una thamani kuliko mnavyodhani, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hajui kilichompata. Alikuwa amelala.

Mume wangu ana miaka 46. Anakoroma mpaka watoto wanamsikia chumba cha pili, lakini kinachonitisha ni pale mkoromo unapokatika. Kimya. Halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Asubuhi nikimweleza anasema namzulia. (Mama wa wawili, Morogoro)

Humzulii, dada. Hali hiyo madaktari huiita apnia ya usingizini, na aina ya mumeo inaelekea kuwa ile ya koo kuziba. Jina lake la kitabibu lilitolewa mwaka 1976 na Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Ugonjwa wenyewe bila shaka ni wa kale kuliko jina.

Bomba la hewa kifuani lina pete ngumu zinazolishikilia wazi. Sehemu ya nyuma ya ulimi haina pete hizo, inategemea misuli tu, na tukilala misuli hulegea. Kwa mtu mwenye shingo nene, uzito mkubwa, taya dogo lililorudi nyuma au tonsi kubwa, nafasi hiyo hufinyika. Ikifinyika nusu, hewa inatikisa kaakaa laini na kimeo, ukasikia mkoromo. Ikiziba kabisa, unasikia kile kimya chako. Ukimulika taa wakati huo utaona kifua na tumbo vinahangaika, ila hewa haipiti. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unamzindua kidogo tu asijue kama amezinduka, koo linafunguka kwa kishindo, naye anazama tena usingizini.

Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa kuwa tukio moja. Zinahesabiwa pia zile pumzi zilizopungua sana bila kukatika kabisa. Matukio 5 hadi 14 kwa saa ni hali nyepesi, 15 hadi 29 ni ya wastani, 30 na kuendelea ni kali. Piga hesabu: mwenye 30 anakabwa kila baada ya dakika mbili, usiku kucha. Ndiyo maana mtu analala masaa 8 akaamka amechoka, mdomo mkavu, kichwa kinagonga, tena ameamka mara tatu kwenda kukojoa. Kila anapokabwa hivyo, presha inapanda. Mtu anayemeza dawa tatu za presha na bado haishuki anastahili kuulizwa analalaje, na mara nyingi haulizwi.

Baba yangu alikoroma hivyo hivyo. Tulimsifu kwamba ana usingizi mtamu. Mpaka leo linaniuma kwamba hakuna hata mmoja wetu, na nilikuwa nimeshasomea uuguzi, aliyekaa kitandani kwake akahesabu.

Kwa hiyo hesabu wewe. Mrekodi kwa simu dakika kumi, usiku mbili au tatu, uhesabu sekunde za kila kimya. Nendeni kwa daktari pamoja, nawe ndiwe uanze kueleza. Kipimo chenyewe hufanyika mgonjwa akiwa amelala, amefungwa mkanda kifuani, kifaa kidoleni na kimrija puani, na kwa kipimo kamili waya za kichwani pia. Hakipatikani kila mahali, lakini hospitali kubwa za rufaa zinaweza kuwaelekeza. Wakati mnasubiri, alale ubavu badala ya chali, aache pombe ya jioni, na asiguse vidonge vya usingizi bila daktari kujua anavyopumua.

Wala hayuko peke yake. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba watu wazima wapatao milioni 936 duniani, wa miaka 30 hadi 69, wana tatizo hili kwa kiwango fulani.

Mimi ni tandiboi wa lori la masafa, Dar hadi Tunduma. Dereva wangu anasinzia hata tukiwa foleni ya mizani. Ni mtu mzima, naogopa kumwambia. (Kijana, Mbeya)

Mwambie leo, mwanangu. Anza kwa heshima, lakini mwambie.

Kuna maswali manane aliyoyatunga Murray Johns wa Melbourne, Australia, mwaka 1991, ya kupima usinziaji wa mchana. Mtu hujipa alama 0 hadi 3 kwa kila hali: akikaa anasoma, akiangalia runinga, akiwa abiria garini kwa saa nzima, akizungumza na mtu, na swali la mwisho ni gari likisimama dakika chache kwenye foleni. Jumla ikizidi 10 kati ya 24, huo si uchovu wa kawaida. Dereva wako hilo la mwisho keshalijibu mizani.

Kuongeza kahawa, mirungi au kufungua dirisha hakutibu koo linaloziba. Akianza kusinzia, lori lipaki mahali salama alale. Na akifika nyumbani, mkewe ndiye wa kuulizwa kuhusu mkoromo.

Kaka yangu aliye Toronto amenitumia mashine ya CPAP iliyotumika. Je, naweza kuanza kuitumia? Nakoroma sana na nina uzito mkubwa. (Msomaji, Mombasa)

Isikushike tamaa ya kuiwasha usiku wa leo. CPAP ni mashine ya kusukuma hewa puani ili koo lisizibe usingizini. Nitakueleza ilivyoanza, ili ujue inafanya nini.

Zamani mgonjwa wa hali kali alitobolewa shingo apumulie hapo. Mwaka 1980 daktari Colin Sullivan, huko Sydney, alichukua mota ya kifyonza vumbi, akaigeuza ivute kinyume, akapeleka upepo wake puani kwa mgonjwa aliyelala. Koo likafunguka. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa watano. Mashine yako ni mjukuu wa mota ile. Watu wengi hudhani inatoa oksijeni. Haitoi. Inasukuma hewa hii hii ya chumbani, na msukumo huo unaishikilia njia ya hewa isibonyee, kama upepo unavyolishikilia tanga.

Nguvu ya msukumo hupimwa kwa sentimita za maji, na kila mtu ana kiasi chake. Mashine ya kaka yako, au ya yeyote aliyeitumia kwanza, imepangwa kwa koo lake. Ikiwa pungufu, utakabwa vilevile huku ukidhani umetibiwa. Kwa hiyo pima kwanza, halafu mtaalamu aipange upya. Barakoa, bomba na kichujio nunua vipya.

Jambo la pili: soma jina na namba ya mashine. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitaka mamilioni ya mashine zake zirudishwe kutoka sokoni, kwa sababu sponji ya kuzuia kelele ndani yake ilikuwa inaweza kuchakaa na kumwaga chembe na gesi kwenye njia ya hewa. Kama yako ni mojawapo na haikurekebishwa, usiivae.

Nawe ukishapimwa, ivae kweli. Utafiti mkubwa uitwao SAVE, uliochapishwa mwaka 2016, ulifuatilia wagonjwa 2,717 waliokuwa na apnia pamoja na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo. Waliopewa mashine hawakupungukiwa na mishtuko ya moyo wala viharusi kuliko wasiopewa. Habari hiyo iliwakatisha tamaa wengi. Lakini kwa wastani waliivaa masaa 3.3 tu kwa usiku, na hata kwa muda huo mfupi mkoromo ulipungua, kusinzia mchana kukapungua, na huzuni na wasiwasi vikapungua. Mimi naisoma hivi: mashine itakurudishia mchana wako, na hilo ni kubwa. Isikufanye uache dawa za presha ukidhani moyo umeshalindwa.

Shangazi amesikia kuna sindano ya kupunguza uzito inayotibu kukoroma. Ni kweli? (Binti, Nairobi)

Kuna ukweli. Dawa ya tirzepatide iliruhusiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani Desemba 2024 kwa watu wazima wenye unene uliokithiri pamoja na apnia ya wastani au kali. Hiyo ni baada ya majaribio ya mwaka mmoja yaliyoonyesha matukio ya kukatika pumzi yakipungua sana. Inaandikwa na daktari na kufuatiliwa. Sindano za mtandaoni zisizojulikana zilikotoka, shangazi aziache.

Mwanangu wa miaka sita analala mdomo wazi, anakoroma, na mwalimu anasema hatulii darasani. Bibi yake anataka akatwe kimeo kama alivyokatwa baba yake. (Mama, Singida)

Mama, nakuomba usikubali. Mkwe wako anamtakia mjukuu mema, hilo sina shaka nalo, lakini nimepokea watoto waliokatwa kimeo kwa wembe au kisu cha kienyeji, wakija wanavuja damu au na usaha kooni. Pepopunda nayo huingilia kwenye jeraha kama hilo. Na kimeo chenyewe si kinachoziba.

Kwa mtoto wa umri huo mara nyingi wahusika ni tonsi na zile nyama za puani, ambazo ziko juu nyuma ya pua huwezi kuziona kwa kumfunua mdomo. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ikibidi, upasuaji wa kuziondoa utafanyika akiwa amelazwa usingizi wa dawa.

Usikimbilie upasuaji pia. Huko Marekani watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 waligawanywa makundi mawili: wengine wakafanyiwa mapema, wengine wakasubiri wakiangaliwa. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Baada ya miezi saba, kipimo cha usingizi kilikuwa kimerudi sawa kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa, na kwa asilimia 46 ya waliosubiri. Tabia na usingizi viliboreka zaidi kwa waliofanyiwa, ingawa majaribio ya umakini hayakuonyesha tofauti kubwa. Kwa hiyo una nafasi ya kukaa na daktari mkapima uzito wa tatizo. Mweleze mwalimu pia, asimwadhibu mtoto kwa usingizi aliokosa.

Baba ana moyo uliotanuka. Akilala pumzi zake zinapanda polepole, zinashuka, zinakoma kabisa, kisha zinaanza tena. Hakoromi. Jirani anasema tumnunulie mashine ya kupumulia. (Mtoto wa kwanza, Bukoba)

Umeeleza vizuri kuliko vitabu. Mtindo huo wa pumzi kama mawimbi uliandikwa na John Cheyne wa Dublin mwaka 1818, akafuatiwa na William Stokes mwaka 1854, na hadi leo unaitwa kwa majina yao. Hapa koo haliko kwenye kuziba. Moyo dhaifu unachelewesha damu kufika kwenye sehemu za mwili zinazopima hewa, basi amri ya kupumua inakuja kwa kuzidi, halafu kwa kupungua, halafu haiji kabisa kwa muda.

Usimnunulie mashine kwa ushauri wa jirani. Kuna mashine za hali ya juu zinazofuata kila pumzi na kuiongezea pale inapopungua, na zilinyoosha pumzi za wagonjwa wa namna hii vizuri mno. Watafiti wakazijaribu kwa wagonjwa 1,325 wenye moyo dhaifu, katika utafiti wa SERVE-HF. Mwaka 2015 matokeo yakaja kinyume cha matarajio: waliofariki walikuwa asilimia 34.8 kwa waliovaa mashine, na asilimia 29.3 kwa wasiovaa. Pumzi zilinyooka, watu wakafa zaidi. Kila nikiukumbuka utafiti huo nashukuru kwamba kuna waliokuwa na ujasiri wa kuuliza, na wa kuyatangaza majibu.

Kwa baba, dawa za moyo zipangwe upya na daktari wake. Moyo ukipata nafuu, mawimbi hayo mara nyingi hupungua. Mwinue kichwa kwa mito, pima uzito wake kila asubuhi, na ukiona miguu inavimba au uzito unaruka ghafla, mrudishe hospitali.

Mimi nakabwa na jinamizi. Naamka, naona chumba, siwezi kusogeza hata kidole, kifua kizito. Ndiyo apnia hiyo? (Mwanafunzi, Pemba)

Sivyo. Tunapoota, ubongo huufunga mwili usitekeleze ndoto. Wewe unazinduka kabla kufuli halijafunguliwa. Kifua ni kizito lakini unapumua. Inatisha, inapita. Lala masaa ya kutosha na kwa wakati mmoja, epuka kulala chali. Ikiandamana na usingizi wa ghafla mchana, hapo nenda ukapimwe.

Nilijifungua njiti wa wiki 31. Walimwekea mirija puani, na mwisho wa bomba ukatumbukizwa kwenye chupa ya maji inayotoa mapovu. Sikuthubutu kuuliza ya nini. (Mama, Kigoma)

Ungeuliza tu, mama, ni haki yako. Ni CPAP ile ile niliyomweleza msomaji wa Mombasa, na hapa zile sentimita za maji unaziona kwa macho: bomba likizama sentimita 6, mapafu yanapata msukumo wa sentimita 6. Vifuko vya hewa vya njiti hunata na kujifunga kila akitoa pumzi, na msukumo huo unavizuia visijifunge. George Gregory na wenzake wa San Francisco waliandika mwaka 1971 kwamba watoto 16 kati ya 20 waliowasaidia kwa msukumo wa namna hiyo walipona. Huko Blantyre, Malawi, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha asilimia 71 ya watoto wachanga waliowekewa mapovu walitoka hospitali wakiwa hai, dhidi ya asilimia 44 waliopewa oksijeni pekee. Lakini katika hospitali ya wilaya ya Salima, nchini humo humo, watoto wakubwa kidogo wenye nimonia kali pamoja na utapiamlo, VVU au oksijeni iliyoshuka mno walikufa zaidi wakiwa kwenye mapovu kuliko kwenye oksijeni ya kawaida. Kifaa kilekile, mgonjwa mwingine.

Wako akirudishiwa chupa, keti karibu naye na uyaangalie mapovu. Yakikoma, mirija imechomoka, bomba limejikunja, au mdomo umeachama. Mwite muuguzi hapo hapo, hata kama ni saa tisa za usiku.