Usizitupe kaseti za bibi yako, hata ukishazihamisha

Dada, usizitupe. Umeandika kwamba unazo kaseti 30 za marehemu bibi yako, za nyimbo za harusi na mawaidha, na kwamba unataka kuziingiza kwenye kompyuta hapo nyumbani Malindi kwa MP3 ya kiwango cha chini ili zienee kwenye simu, uondoe mvumo papo hapo, kisha uzitupe kwa sababu zinajaza kabati. Mwisho ukauliza ununue waya gani na mafaili uyapange vipi. Nimeusoma mpango huo mara mbili na moyo umenienda mbio, kwa sababu ndio niliofuata mimi hapa Lamu mwaka 2014, hatua kwa hatua, na ndio ulionipotezea sauti ya baba yangu.

Baba alifanya kazi Maskati miaka ya 1980. Simu ilikuwa ghali, kwa hivyo barua zake alikuwa akizisema: usiku hukaa chumbani mwake, hubonyeza vitufe viwili vya redio kaseti, huzungumza dakika 30 za upande wa kwanza, huigeuza kaseti na kumaliza upande wa pili, kisha humpa mtu anayerudi Amu, yaani hapa Lamu. Zilikuwa kaseti 23. Mama alizisikiliza mpaka nyingine zikachakaa karatasi za juu.

Fundi mmoja wa kompyuta ndiye aliyenielekeza. Alinionyesha jinsi ya kuchomeka waya kwenye tundu la maikrofoni, akanichagulia MP3 ndogo kabisa, akanifundisha kuondoa mvumo kabla ya kuhifadhi, na nilipomuuliza kuhusu kaseti zenyewe akaniambia kwamba sasa ni takataka tu, kwa maana faili halizeeki. Mpaka leo sijamsamehe. Angesema hajui, ningekwenda kumuuliza mwingine. Lakini alisema kwa yakini ya mtu aliyekwisha kuona, na mimi nikamwamini kwa sababu alikuwa na kompyuta nne mezani. Wiki ile ile nilizitia kaseti zote kwenye gunia nikampa mjomba wangu, mwenye shamba la mtama huko bara, upande wa kijiji cha Hindi, ambaye alikuwa akitafuta utepe wa kufukuzia ndege.

Siku ya Idi niliwakusanya watu wa nyumbani niwasikilizishe. Mama alisikiliza kama dakika tatu, akainamisha kichwa, akauliza, “Lile pangaboi lake li wapi?” Sikumwelewa. Akaeleza kwamba chumba cha baba kilikuwa na pangaboi lililokwaruza kila lilipozunguka, na kwamba miaka yote ile alikuwa akilisikia nyuma ya maneno yake, na hivyo ndivyo alivyokijua chumba ambacho hakuwahi kukiona. Nililitafuta katika mafaili yote. Halikuwamo.

Sababu yake nilikuja kuijua baadaye, na ndiyo ninayotaka uielewe kabla hujagusa kitufe chochote. Programu ya kuondoa mvumo haijui kelele ni ipi na kumbukumbu ni ipi. Unaipa kipande kisicho na maneno, nayo inakihesabu kipande hicho kuwa ndicho kelele, kisha katika rekodi nzima inapunguza kila kilicho hafifu kuliko kiwango hicho. Mimi niliipa pale baba aliponyamaza akitafuta neno, na pangaboi lilikuwa limo humo humo. Zaidi ya hapo, mvumo wa utepe, ule unaosikika kama mchanga unaomwagwa, hukaa sana katika sauti za juu, na huko huko ndiko ziliko s, sh, f na mkato wa t. Ukiufuta kwa nguvu, unafuta na herufi. MP3 ndogo nayo ikaja ikatupa sehemu ya zile sauti za juu zilizosalia. Baba alikuwa akisema Kiamu cha watu wazima, “mato” wala si “macho”, na leo wanangu wakisikiliza hawawezi kujua alitamka lipi, kwa kuwa anasikika kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi.

Siku ya pili ya Idi nilivuka bara kuzitafuta. Utepe ulikuwa umefungwa miti kwa miti juu ya mtama, ukimeta juani na kuvuma kwa upepo. Kaseti ya dakika 60 ina utepe wa mita zipatazo 86, na shamba lile lilikuwa limezungushiwa kaseti baada ya kaseti. Nilishika kipande nikakitazama kwa karibu: kilikuwa kimevutika mpaka kikawa chembamba katikati, na ile rangi ya kahawia imebanduka, imebaki plastiki inayopitisha nuru. Sauti hukaa katika rangi ile. Ikishabanduka, hakuna mashine ya kuirudisha. Mjomba alilia kuliko mimi, wala hakuwa na kosa.

Ilisalia kaseti moja, ambayo mama alikuwa ameificha kashani mwake. Hiyo niliihamisha kwa WAV, aina ya faili lisilofinya sauti, vipimo 48,000 kwa sekunde, biti 24, bila kuondoa wala kuongeza kitu, na pangaboi limo, na mwishoni kabisa inasikika adhana kwa mbali.

Kwa hivyo shika hili: faili la kwanza ni kaseti ya pili. Halisafishwi, halikatwi, halifinywi. Ukitaka kusafisha au kutengeneza MP3 za kuwatumia jamaa, fanya kwenye nakala, kwa programu ya bure kama Audacity, na faili la kwanza likae pembeni katika diski mbili tofauti. Usiogope ukubwa: kwa kiwango nilichokutajia, kaseti ya dakika 60 hula gigabaiti 1 hivi, na zako 30 zitaenea kwenye flashi ya 64 na nafasi ibaki. Kaseti zenyewe zibaki kwa sababu huenda kesho ukagundua kwamba hedi ya mashine yako, kile kichuma kinachousoma utepe, ilikaa upande, sauti za juu zikafifia. Kaseti ikiwapo, unairekebisha hedi kwa bisibisi na kurudia, na isipokuwapo huna la kufanya.

Waya utoke kwenye tundu la kutolea sauti la redio kaseti na uingie kwenye kisanduku kidogo cha sauti cha USB chenye tundu la laini, lile lililoandikwa “line in”. Tundu la maikrofoni liache, maana mara nyingi hupokea mkondo mmoja tu wa sauti badala ya miwili ya kushoto na kulia, na sauti ikipanda hupasuka. Unaporekodi, tazama kipimo cha sauti kwenye programu: kilele kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri.

Kabla ya kuingiza hata kaseti moja kwenye mashine, vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwake, ili kitufe cha kurekodi kisikubali kubonyea. Ukishahamisha, zipange wima kwenye boksi, mbali na ukuta unaolowa na mbali na spika, kwa kuwa spika ina sumaku. Na kama tayari umezitia kwenye mfuko wa taka, zitoe usiku huu huu.