Je, kigunduzi kimoja cha antineutrino hakitoshi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya kwanza ya fizikia. Katika jaribio la Daya Bay, China, vigunduzi vilivyo mbali na vinu vya nyuklia viliona antineutrino (chembe ndogo mno zisizo na chaji, zinazozaliwa kinuni) pungufu kwa asilimia 6 hivi kuliko ilivyotarajiwa. Je, zilifyonzwa na mlima? Na kwa nini wasijenge kigunduzi kimoja tu, kisha walinganishe na hesabu ya kinu, yaani idadi ya antineutrino ambayo kinu kinakadiriwa kuzaa?

JIBU: Marahaba. Mlima hauhusiki, antineutrino hupita katikati ya dunia nzima kama vile haipo. Zilibadilika aina njiani. Kinu huzaa zile za elektroni, nacho kigunduzi huona hizo peke yake. Iliyogeuka kuwa ya muoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi) haina nishati ya kutosha kuzaa muoni, kwa hiyo inapita bila kuacha alama.

Swali la pili ndilo ninaloletewa kila muhula, na kila mara nasikitika kwamba kuna anayewafundisha vijana kuichukua hesabu ya kinu kama rula. Si rula hata kidogo! Mwaka 2011 hesabu hizo ziliporudiwa kwa uangalifu zaidi, zilidai antineutrino nyingi kuliko zilizopimwa hata mita chache kutoka kinuni. Pengo lilikuwa asilimia 6 hivi. Utazame ukubwa huo vizuri: ni uleule wa upungufu unaouulizia. Mwenye kigunduzi kimoja atajuaje lipi ni badiliko la aina na lipi ni kosa la karatasi?

Jaribio la Double Chooz la Ufaransa lilianza na kigunduzi cha mbali pekee, likaambulia dalili tu ya badiliko hilo. Daya Bay waliweka vigunduzi vinavyofanana, vingine karibu na vinu 6, vingine kwa umbali wa kilomita 1.5 na zaidi. Kosa la hesabu likiwapo, lipo kotekote. Ukigawanya idadi ya mbali kwa ya karibu, karibu lote linafutika. Machi 2012, kwa data za siku 55 tu, walivuka sigma 5, kiwango cha uhakika ambacho wanafizikia hukidai kabla ya kutangaza ugunduzi.

Wenye haraka, kwa upande wao, walishaliziba lile pengo la 2011 kwa neutrino ya nne isiyogusana na kitu, mbali na aina tatu zinazojulikana: ati antineutrino zinazokosekana zimegeuka kuwa hiyo. Mwaka 2017 Daya Bay wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya pengo inatoka kwenye urani-235, mojawapo ya fueli za kinu, yaani hesabu yenyewe ndiyo yenye kasoro, na mwaka 2023 jaribio la STEREO huko Grenoble likaikataa neutrino hiyo kama maelezo ya pengo. Hata hivyo bado naletewa makala zinazoitaja kana kwamba imeshapatikana. Wabaya zaidi ni wanaouza mitambo ya "umeme wa neutrino". Kila kigunduzi cha mbali pale Daya Bay, tani 20 za kimiminika chenye gadolini (metali inayosaidia kuzitambua), kilinasa antineutrino 70 na ushei kwa siku nzima, tena kutoka vinu 6 vikubwa! Huo umeme wao utatoka wapi? Msiwape pesa zenu.

Kwenye ripoti yako, anza na uwiano wa mbali kwa karibu. Idadi tupu ya kigunduzi kimoja ipeleke kwenye kiambatisho, na uiandikie pembeni ukubwa wa kosa la hesabu ya kinu.