Kalamu ya NASA, juisi ya unga na redio za ridhaa: fundi redio naomba nijibu

Wakuu, salaam.

Mleta uzi ametubandikia ule ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: kwamba vikaango visivyogandisha, velkro, juisi ya unga na redio koli vyote vilivumbuliwa na NASA, kwamba Wamarekani waliteketeza mamilioni ya dola kutengeneza kalamu ya kuandikia angani ilhali Warusi walibeba penseli tu, na kwamba hata redio za ridhaa, yaani zile za watu wanaowasiliana hewani kwa mapenzi yao tu, si kwa biashara, ni mabaki ya teknolojia ya anga. Kauliza kipi cha kweli. Mimi ni fundi redio hapa Tanga, miaka ishirini na kitu nimeinamia meza ile ile, na huo ugonjwa wa redio za ridhaa ninao. Nitaandika kirefu, mwenye haraka apite.

Nianze na kalamu, maana mimi mwenyewe nimekuwa msambazaji wa huo uongo. Kila nikipata mwanafunzi mpya nilikuwa nampa kisa hicho: usikimbilie kifaa cha gharama, anza na tester, mkumbuke Mrusi na penseli yake. Kinafundisha vizuri sana, tatizo lake ni kwamba hakikutokea. Siku moja alikuwepo mzee kaleta redio yake ya masafa mafupi, mstaafu, zamani alikuwa mtu wa redio melini, enzi za Morse, zile herufi za nukta na vistari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa fundi, ncha ya hiyo penseli ikikatika huko juu inaangukia wapi?"

Sikuwa na jibu. Haianguki popote, inaelea. Na mafundi mnajua, chora mstari mnene wa penseli kwenye karatasi, weka tester, utasoma oms. Grafiti inapitisha umeme. Kipande kikipenya kwenye swichi, una shoti ndani ya chombo ambacho huwezi kukipaki pembeni. Halafu kuna mbao, na mbao zinawaka. Januari 1967 wanaanga watatu wa Marekani walikufa kwa moto wakiwa bado hapa hapa duniani, kwenye mazoezi, ndani ya chumba kilichojazwa oksijeni tupu. Baada ya hapo kila kinachoshika moto kilitazamwa kwa jicho lingine.

Na NASA nao walitumia penseli! Mwaka 1965 waliagiza penseli 34 za kubonyeza, kila moja dola 128.89, watu wakapiga kelele kweli kweli kuhusu kodi zao. Nadhani mbegu ya uvumi ilianzia kwenye kelele hizo. Kalamu yenyewe aliitengeneza mfanyabiashara wa kalamu, Paul Fisher, kwa pesa yake mwenyewe. Ndani ina gesi ya naitrojeni inayosukuma wino, kwa hiyo haihitaji mvutano wa dunia. NASA walinunua kama 400, zikaruka na chombo cha Apollo 7 mwaka 1968. Warusi? Nao wakanunua, 1969. Yule mzee alipomaliza kunieleza haya alilipa, akachukua redio yake, akasema kesho nije kwake nione kitu. Nitarudi kwa mzee.

Hayo mengine ni mepesi. Kemikali ya kikaango, Teflon, iligunduliwa kwa bahati na Roy Plunkett huko kampuni ya kemikali ya DuPont mwaka 1938, miaka 20 kabla NASA haijazaliwa. Velkro, ile mikanda miwili ya kufungia inayoshikana na kubanduka kwa mlio, ni ya Mswisi, George de Mestral. Alirudi kutoka matembezini na mbwa wake, manyoya yamejaa vijitunda vya kung'ang'ania, vile kama kishonanguo chetu, akaviweka chini ya hadubini akaona vindoano. Juisi ya unga, Tang, ilikuwa tayari dukani Marekani mwaka 1959 na haikuwa inauzika sana, mpaka mwanaanga John Glenn alipoinywa angani 1962. Tangazo gani linashinda hilo? NASA katika haya yote ni mteja. Mteja maarufu, basi watu wakamfanya fundi. Ila tusivuke upande wa pili tukasema NASA hawajatoa kitu: lile sponji la magodoro linalobonyea na kurudi polepole kweli lilitokana na utafiti wao wa miaka ya 60, wa viti vya ndege. Na kamera ya simu unayopigia selfi, aina ya kihisi chake ilikuzwa kwenye maabara yao ya JPL miaka ya 90.

Sasa redio, ambako ujumbe huo umenikera hasa, kwa sababu umegeuza mto utiririke kupanda mlima.

Redio koli ilikuwepo kabla ya vita vya pili. Mmoja wa waliozitengeneza mwanzoni, Al Gross wa Cleveland, alikuwa kijana wa redio za ridhaa aliyetaka kuongea na wenzake akiwa anatembea. Ilikuwa 1938. Jeshi lilimfuata baadaye. Rudi nyuma zaidi: mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma hawa watu wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, sehemu ambayo wakubwa waliona haina faida. Ni kama kumpa mtu shamba la mawe. Novemba 1923 wakiwa kwenye mita kama 110, Fred Schnell akiwa Marekani akaongea na Léon Deloy akiwa Nice, Ufaransa, huku na huku, kuvuka Atlantiki. Lile shamba la mawe ndilo lililokuja kuwa masafa mafupi, ambayo babu zetu walisikilizia idhaa za Kiswahili kutoka Ulaya.

Ilipofika Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, Oktoba 1957, Warusi walikuwa wamekwisha kuchapa masafa yake kwenye jarida la wapenzi wa redio la kwao. Iliruka na kisambazi cha wati 1, megahezi 20.005, bip bip bip, yeyote mwenye redio ya maana aliipata. Vijana wawili wa chuo cha Johns Hopkins huko Marekani, Guier na Weiffenbach, waliikamata wakaona sauti inabadilika kadiri inavyokuja na kuondoka, kama king'ora cha ambulensi kinavyopita mbele ya kijiwe. Kwa badiliko hilo tu wakapiga hesabu ya njia yake. Mkubwa wao akauliza: je, tukijua setilaiti iko wapi, hatuwezi kujua sisi tuko wapi? Kutoka hapo ikaja Transit, mfumo wa setilaiti za kuonyesha njia, wa jeshi la maji la Marekani, na GPS ikafuata nyuma yake. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya wanajeshi, NASA hawamo.

Miaka minne baada ya Sputnik watu wa ridhaa wakapandisha ya kwao. Hapa huwa nawaambia watu wakae chini. Kikundi cha California walijenga kisetilaiti cha kilo kama nne na nusu kwa muda wao wa jioni, wakaomba lifti kwenye roketi ya jeshi. Kilikaa mahali ambapo kwa kawaida lingewekwa zito la kusawazisha mzigo, yaani kilichukua nafasi ya jiwe. OSCAR 1 iliruka 12 Desemba 1961, kisambazi chake hakifiki hata robo ya wati, ikituma Morse: nukta nne, nukta mbili, "HI". Kasi ya hizo nukta ilitegemea joto la ndani, kwa hiyo ukizihesabu kwa saa ya mkononi umepima joto la setilaiti ukiwa sebuleni. Watu zaidi ya 570 kutoka nchi 28 walituma taarifa zao.

Tarehe hiyo ina mambo. 12 Desemba 1901 ndiyo siku Marconi, yule mwanzilishi wa redio, alidai kusikia herufi S ikivuka Atlantiki. Na 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya NASA ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, huko Ngomeni karibu na Malindi. Msimamizi wa mradi, mama Marjorie Townsend, akaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuwekwa kwa kazi moja tu, kutazama miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Msije mkaandika ilikuwa ya Kenya, nimeshaona hilo nalo linasambazwa. Ilikuwa ya Wamarekani, ila ilianzia safari kwetu.

Narudi kwa mzee. Kesho yake nilimkuta uani kashika antena ya vipande vya tepu ya fundi seremala vilivyofungwa kwenye bomba la maji la plastiki. Nikajua kachanganyikiwa. Akaangalia saa, akaelekeza antena kusini-magharibi, redio ndogo kwenye megahezi 145.800, ikawa inakoroma tu. Mara mkoromo ukakatika, likaingia lile sauti la filimbi za juu chini. Kituo cha anga cha kimataifa kilikuwa kinapita kilomita mia nne juu yetu, kinatuma picha. Aliweka simu karibu na spika, na picha ikashuka kwenye kioo mstari kwa mstari, kama dakika mbili, na katikati nikasikia masafa yakitelemka. King'ora cha ambulensi kile kile. Theluthi ya chini ilitoka chenga tupu, kituo kilikuwa kimeshazama nyuma ya minazi ya jirani.

Aliyeuliza huko juu kama "ham", wanavyojiita, inatokana na hamu: ingependeza, lakini hapana. Ilikuwa kejeli ya waendesha telegrafu kwa mwenzao asiyejua kazi. Ile hadithi ya herufi za majina ya wanafunzi watatu wa Harvard nayo ni ya kutunga.

Kusikiliza, redio yoyote inayofika 145.800 inatosha, na antena ya tepu unaijenga mchana mmoja. Kutuma ni habari nyingine, nenda TCRA upate leseni kwanza. Mimi sasa nahangaika na QO-100, ile setilaiti ya Qatar yenye mitambo ya watu wa ridhaa, iliyosimama nyuzi 26 mashariki. Kwetu iko karibu na utosi, dishi linatazama juu kama linakinga mvua, na kweli lilikinga: LNB, kile kipokezi kinachokaa mbele ya dishi, iliingia maji wiki iliyopita. Mwenye LNB nzima asiyoitumia, Tanga au Muheza, ani-PM.