RAM imeingia kwenye sloti, mbona mashine haiwaki?

SWALI: Habari, fundi. Kompyuta yangu mpakato ni Core i5 ya kizazi cha nne na ilikuja na RAM ya 4GB. Nimenunua ya 8GB, imeingia kwenye sloti bila shida, ila nikiwasha feni inazunguka, kioo cheusi, na inapiga mlio. Nikirudisha ya zamani inawaka. Muuzaji anasema zote ni za kasi ya 1600, kwa hiyo mashine ndiyo mbovu. Fundi mwingine anataka kuflashi BIOS, yaani kuandika upya programu ya msingi inayoiwasha mashine. Ya zamani imeandikwa PC3L-12800S, mpya ni PC3-12800S. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. BIOS isiguswe. Mashine yako ni nzima, na hiyo RAM mpya huenda nayo ni nzima, ila haviendani. Jibu umeliandika mwenyewe kwenye swali: herufi L. PC3L ni DDR3L, aina ya RAM ya volti 1.35. PC3 isiyo na L ni DDR3 ya kawaida, inayotaka volti 1.5. Prosesa za mpakato za Core za kizazi cha nne zilitengenezwa kwa ajili ya 1.35. Ukichomeka inayodai 1.5 inapata umeme usioitosha, na mashine inakwama kabla kioo hakijapata picha. Ndipo inapobaki kulia tu. Kinyume chake hakina tatizo: DDR3L huvumilia 1.5 pia, kwa hiyo ile yako ya zamani ukiipeleka kwenye mashine ya DDR3 ya kawaida itawaka.

Kinachonichosha ni hii imani kwamba "ikiingia, inafaa". DDR3 na DDR3L zote zina pini 204, na pengo liko pale pale. Kwa kushika na kuchomeka huwezi kuzitofautisha hata kidogo. Halafu muuzaji anang'ang'ania 1600, jambo dogo kuliko yote! Kasi zikitofautiana, ya haraka hushuka ikaenda na ya polepole. Kwenye mashine ya DDR4, kizazi cha RAM kinachofuata DDR3, weka 2400 pamoja na 3200, zote zitakwenda 2400 na mwenyewe hata hutajua. Na hiyo 12800 aliyoiona kwenye lebo ni 1600 ile ile mara 8, yaani megabaiti kwa sekunde. Alisoma tarakimu zote tano akairuka herufi.

Unapokwenda kubadilisha, omba 8GB iliyoandikwa PC3L na 2Rx8 (yaani safu mbili za chipu), kisha igeuze uhesabu chipu nyeusi za pande zote mbili. Zinatakiwa 16, kila moja ikiwa na 512MB. Ukikuta 8 tu, yaani GB nzima kwa kila chipu, irudishe hata kama ina L, maana prosesa za kizazi chako hazisomi chipu zilizoshindiliwa kiasi hicho. Utaona kioo cheusi kile kile, na utaambiwa tena kwamba bodi imekufa.

Sasa hawa wa kuflashi BIOS. Bodi yako imeundwa kutoa 1.35, programu mpya haitaigeuza kuwa bodi nyingine. Na umeme ukikatika katikati ya zoezi, mashine iliyokuwa inawaka na 4GB haitawaka na chochote. Wengine watakusugulia pini kwa kifutio. Kifutio huondoa uchafu, na RAM iliyotoka kwenye pakiti leo ina uchafu gani?

Wapo wabaya zaidi. Niliwahi kuletewa mashine ya DDR4 ambayo "fundi" alikuwa amechonga pengo la RAM ya DDR5 kwa kisu ili ikae. Hoja yake ilikuwa kwamba pini 260 na 262 zinakaribiana. Hakujua kwamba DDR4 hutumia volti 1.2 na DDR5 hutumia 1.1, tena DDR5 hubeba kidhibiti chake cha umeme juu ya kipande chenyewe, kwa hiyo hata mpangilio wa pini ni mwingine kabisa. Aliisukuma mpaka plastiki ya sloti ikapasuka. Mwenye mashine alitaka kuongeza RAM tu. Ikabidi tung'oe sloti yenyewe, ambayo imelehemiwa kwenye bodi, pini moja moja.