Maswali ya Wasomaji: Kibandiko Kilicho Chini ya Pini

Klabu ya sayansi ya shule yetu ilikusanya wadudu zaidi ya 200 mwaka jana, tukawachoma pini na kuwapanga kwenye maboksi ya kadibodi. Masika ilipokwisha tukakuta vumbi la kahawia chini ya pini, vipepeo wamebaki mabawa matupu, na mbawakavu wameota ukungu mweupe. Tumekosea wapi?
*Mwalimu wa baiolojia, Muheza*

Mwalimu, hayo ni magonjwa mawili na kila moja lina dawa yake.

Vumbi la kahawia ni mabaki ya mlo. Walaji ni mabuu ya mbawakavu wadogo wa familia ya Dermestidae, hasa jenasi Anthrenus. Mkubwa wake ni mviringo, mwenye mabaka, urefu wa milimita 2 hadi 4, na huingia kwenye boksi kupitia mwanya usioonekana. Buu lake lina manyoya. Hula nyama kavu ya kielelezo kwa ndani, kwa hiyo unaona mdudu mzima kwa nje kumbe ni ganda. Ukikuta vumbi, tafuta pia ngozi zilizovuliwa, nyepesi kama pumba za mtama.

Lifunge boksi zima ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, kaza mdomo, kisha liweke kwenye friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Wengi huharibu hatua inayofuata: hufungua mfuko papo hapo. Hewa yenye joto ikigusa vielelezo vilivyoganda, unyevu wake hugeuka umande juu yao, na ukungu unaanza upya. Uache mfuko umefungwa mezani saa 24 ndipo ufungue.

Ukungu huja kwa unyevu. Unapotaka kuhifadhi wadudu wakavu, unyevu wa hewa ndani ya boksi ubaki chini ya asilimia 50, na kadibodi haiwezi kuzuia hewa ya masika. Tumieni boksi la mbao lenye kifuniko kinachoshuka kwa kubana, na ndani muweke kifuko cha jeli ya silika ile inayobadili rangi ikishiba maji. Ikibadilika, ikausheni kwenye oveni na kuirudisha. Mbawakavu walioota ukungu wasafisheni kwa brashi laini iliyochovywa kwenye alkoholi. Kipepeo msimguse kwa brashi, maana magamba ya bawa yakitoka hayarudi. Vidonge vya kufukuza nondo hatuvishauri darasani. Vinafukuza wadudu wageni lakini mabuu yaliyomo huendelea kula, na mvuke wake si wa kuvutwa na watoto.

Sasa pini. Za kushonea ni nene, fupi, na huota kutu. Pini za wadudu zina urefu wa milimita 38. Kwa unene, namba 2 au 3 zinatosha kwa kazi nyingi. Mbawakavu huchomwa kwenye bawa gumu la kulia, karibu na kifua, wala si katikati, kwani katikati mabawa hayo mawili hutengana na kuachama. Nzi na nyigu huchomwa kifuani, kulia kidogo kwa mstari wa kati, ili nywele au alama za upande wa kushoto zibaki nzima, mtaalamu huzihesabu. Vipepeo huchomwa katikati ya kifua. Juu ya mdudu ibaki sentimita 1 ya pini ya kushikia. Viwavi, mchwa na wadudu wengine laini hawakaushwi: waingie kwenye alkoholi ya asilimia 70 hadi 80, nayo ibadilishwe baada ya siku moja kwa sababu maji ya miili yao huipunguza nguvu. Pombe kali ya dukani, yenye asilimia 35 au 40, huwaozesha taratibu.

Hukutaja vibandiko, Mwalimu, na hilo ndilo linalotutia wasiwasi kuliko ukungu. Kila pini ibebe kikaratasi chake chini ya mdudu, kigumu, cha milimita 18 kwa 8 hivi, kilichoandikwa kwa penseli au wino usiofutika kwa maji. Mfano: *TANZANIA: Tanga, Muheza, 5.17°S 38.79°E, m 200, 12.iv.2024, taa, jina la mkusanyaji*. Mwezi huandikwa kwa namba za Kirumi ili 12/4 isisomwe na mwingine kuwa Desemba. Hapo "m 200" ni mwinuko wa mahali, na neno "taa" linasema alinaswaje. Kiandikeni siku hiyohiyo. Kumbukumbu ya wiki iliyopita haitoshi.

Tunasisitiza kwa sababu ya kisa hiki. Mwaka 2002 wanasayansi walitangaza oda mpya kabisa ya wadudu (yaani kundi kubwa, kama lile la mbawakavu wote), Mantophasmatodea, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1914. Walitumia vielelezo vilivyolala makumbusho ya Ulaya: kimoja cha Namibia kilichokusanywa 1909, kingine cha Tanzania kilichokusanywa 1950. Vibandiko vilitaja mahali. Msafara ukaenda Namibia na kuwakuta wadudu wa oda hiyo wakiwa hai kwenye mlima Brandberg. Mdudu wa Tanzania aliitwa *Mantophasma subsolana*. Katika wale 200 wenu, wasio na mahali wala tarehe watumieni kufundishia viungo vya mwili. Kwa sayansi hawana la kusema tena.

Kwenye ukingo wa msitu niliona vipepeo wawili wameshikamana mkia kwa mkia. Mmoja ni wa rangi ya malai na nyeusi, mabawa ya nyuma yana mikia. Mwenzake ni mweusi mwenye mabaka meupe, hana mikia kabisa. Je, watazaa chotara? Na kama ni spishi mpya, naweza kuipa jina la mama yangu?
*Msomaji, Lushoto*

Uliona mume na mke wa spishi moja, *Papilio dardanus*. Dume ndiye mwenye mikia. Jike katika sehemu kubwa ya bara la Afrika huiga sura ya vipepeo wasiolika, na huyo wako mweusi na mweupe anamwiga *Amauris niavius*, ambaye ni mchungu kwa ndege. Ndege aliyeonja mchungu humwacha na mwigaji. Wapo majike wengine wa rangi ya chungwa, wanaoiga vipepeo wengine, ndani ya spishi hiyohiyo. Maumbo haya yaliwahi kuelezwa kama spishi mbalimbali, mpaka Roland Trimen wa Afrika Kusini alipoyaunganisha katika miaka ya 1860. Kwa hiyo usione haya, waliokutangulia walikosea wakiwa na makabati yaliyojaa. Tena ulichokiona wewe, wawili wakipandana, ni ushahidi mzito kuliko rangi. Ukipiga picha, andika mahali na tarehe kama tulivyomweleza Mwalimu.

Kuhusu jina la mama, inawezekana ukipata spishi ambayo kweli haijaelezwa, lakini njia ni ndefu. Kwanza kielelezo hulinganishwa na spishi zote zinazojulikana za jenasi yake. Kwa nondo na mbawakavu wengi, mabawa hayatoshi: ncha ya tumbo huchemshwa kidogo katika potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 ili nyama ilainike, kisha viungo vya uzazi vya dume hutazamwa kwa hadubini. Mfuatano wa DNA, kipande cha jeni ya COI chenye herufi kama 650, husaidia kutofautisha, ila peke yake hautoshi kuaminiwa. Baadaye huteuliwa kielelezo kimoja, holotaipu, kinachobeba jina milele na kuhifadhiwa makumbusho, na maelezo huchapishwa. Chapisho likiwa la mtandaoni tu, tangu 2012 lazima lisajiliwe ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama. Mama akiitwa Amina, jina litakuwa *aminae*. Mwanamume huchukua *-i*. Kujipa jina lako mwenyewe hakujakatazwa, ila wenzako watakuona vibaya.

Usianze kukusanya ndani ya hifadhi ya msitu bila kibali. Kwa Tanzania, utafiti hupitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na misitu ya hifadhi ina TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Kielelezo kikivuka mpaka bila karatasi, mtaalamu mwaminifu wa nje hatakipokea.

Mnasema tuwalinde wadudu, halafu mnafundisha kuwaua. Inakuwaje?
*Mwanafunzi, Nairobi*

Swali la haki. Jike mmoja wa nondo huweza kutaga mamia ya mayai, na wengi wa watoto hao huliwa kabla hawajakomaa. Kinachowamaliza ni msitu kukatwa, kijito kukauka na dawa kunyunyizwa, na hatuwezi kutetea msitu kwa wadudu tusiowajua majina. Hata hivyo kuna mipaka: wachache wanatosha, na kwa kundi lililobaki kwenye kipande kidogo cha msitu picha ndiyo kazi. Mtego wa kikombe kilichofukiwa ardhini ukisahauliwa wiki nzima unaua bure. Ukaguliwe kila siku, na uondolewe utafiti ukiisha.

Mndimu wangu umejaa viwavi. Nasikia Gede wananunua pupa. Niwauze hawa?
*Mkulima, Kilifi*

Mguse mmoja nyuma ya kichwa. Akitoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali, ni wa jamii ya Papilio, na kwenye mndimu karibu kila mara ni *Papilio demodocus*. Akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege. Akikua anakuwa kijani. Waulize mradi wa Kipepeo, ndio wanunuzi hao wa Gede, kabla hujahangaika, kwa sababu oda hubadilika kulingana na mahitaji ya mabanda ya maonyesho huko Ulaya na Marekani. Mradi ulianza 1993 ili wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wapate fedha msitu ukiwa umesimama. Demodocus anaishi hata mjini, hahitaji msitu. Faida kwa uhifadhi inatoka kwa spishi ambazo mkulima analazimika kufuata jike wake na mbegu za chakula chake msituni.

Ukiamua kufuga, vika tawi mfuko wa chandarua mapema, viwavi wakiwa bado wadogo. Nyigu wadogo hutaga ndani ya kiwavi au kwenye pupa ambayo haijakauka, na utauza pupa itakayotoa nyigu Ulaya. Usiwabane: kiwavi akining'inia mweusi na kulegea ni ugonjwa wa msongamano, mtoe na ukate tawi lake. Miguu ya meza ya kufugia ipakwe grisi kuzuia sisimizi. Pupa ikishatengenezwa iache siku moja au mbili igande, kisha iondoe kwa kukata uzi wake, si kwa kuivuta. Kipepeo hutoka baada ya wiki mbili hivi, na safari nayo inakula siku, kwa hiyo ya siku tano usiipeleke kwa mnunuzi ukiiita mpya.