Maswali na majibu: maji ya mapafuni, gololi za dhahabu moja na almasi zisizonunuliwa

Wadau, mwezi huu nimechagua maswali ya vifaa na speli (uchawi wa kutupa) kwenye D&D toleo la 5, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu unaoongozwa na DM (msimamizi wa mchezo), maana ndo yanayoongoza kwa kuvuruga sesheni. Bei na kanuni nikizitaja tu hivihivi ujue ni za kitabu cha kanuni cha 2014. Nikienda cha 2024 nitasema.

Kleriki (kuhani) wangu ana speli ya Create or Destroy Water, ya kuumba au kuondoa maji. Kwanini nisijaze maji kwenye mapafu ya adui afe palepale?

Hili nishalijibu mpaka mdomo umekauka na kila wiki linarudi. Speli inasema maji yanatokea kwenye chombo kilicho wazi, ndani ya futi 30. Mapafu ya mtu aliye hai sio chombo, ni mwili wake, na speli ikitaka kuugusa mwili wa mtu inasema yenyewe, inampa sevu (dadu ya kujinusuru), inakutajia dadu za kurusha. Hii haina sevu wala dadu kwasababu haikutungwa iue mtu. Hebu fikiria, speli ya daraja la 1 ingekuwa inaua kila kinachopumua nani angehangaika kujifunza nyingine?

Kinachoniuma ni kwamba nusu ya pili ya maandishi hayohayo hamuisomi. Badala ya galoni 10 kwenye ndoo unaweza kushusha mvua kwenye mchemraba wa futi 30, na mvua hiyo inazima moto wote ulio wazi. Sasa piga picha walinzi sita, binadamu wa kawaida, wako pangoni na mienge, na chama chako (kundi lenu la wahusika) wote mnaona gizani. Kleriki anaomba mvua, mienge inazimika kwa mkupuo, nyie mnaona wao hawaoni. Hakuna DM atakayebishana na wewe hapo kwasababu hujaipinda speli hata kidogo, umeisoma tu mpaka mwisho.

Na nitalisema mapema maana linarudi kwenye majibu yote ya leo: speli inafanya kilichoandikwa na inaishia hapo, kifaa ndo kina uhuru. Kamba ni kamba, inafanya chochote ambacho kamba inaweza kufanya. Watu wengi wanafanya kinyume, wanakesha wakiipinda speli na orodha ya vifaa hawajaifungua tangu siku waliyotengeneza mhusika.

Gololi zina faida kweli au ni za kujaza mzigo?

Asante, hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Kwa dhahabu 1 (sarafu ya mchezo) unapata mfuko wa gololi 1,000, unamwaga zinafunika eneo la futi 10 kwa 10, anayepita hapo anatoa sevu ya Dex (wepesi) DC 10, yaani dadu lazima ifike 10, akishindwa yuko chini. Anayepita polepole, nusu ya mwendo wake, hana haja ya sevu.

Nikwambie ya mezani kwetu. Tulikuwa chama cha watu wanne wa level 2, tumekimbilia ghorofani kwenye mnara uliobomoka na nyuma yetu linakuja zimwi, na zimwi lina HP (uhai) 59, sisi wote kwa pamoja tulikuwa hatufiki hapo. Dada mmoja anayecheza mwizi akasema namwaga gololi kwenye ngazi. DM akafungua kitabu akamsomea, eneo liwe tambarare, ngazi sio tambarare. Nyie mnaopenda kubishana mngeanza hapo, nusu saa inapotea. Yeye akasema sawa, basi namwaga kwenye kibaraza, pale ngazi zinapoishia. Zimwi likapanda mbio na mwendo wake wa futi 40, likakanyaga, Dex yake ni 8 kwa hiyo inatoa moja kwenye kila sevu, dadu ikasoma 6. Likaenda chini, na DM mwenyewe akaamua kwamba zito kama lile likidondoka ukingoni mwa ngazi linarudi lilikotoka. Likabingirika mpaka chini, likala madhara ya kuanguka, na wakati linajaribu kuinuka sisi tukawa tunamimina mafuta na mwenge juu yake.

Angalia alichofanya. Hakudai kanuni, aliweka gololi mahali ambapo kuanguka kuna maana. Dhahabu 1. Onyo moja tu, waambie wenzako umemwaga wapi, maana gololi hazichagui adui, na vita ikiisha rudi uziokote.

Speli ya Grease (mafuta ya kuteleza) inawaka?

Haiwaki. Kitabu cha 2014 hakikusema inawaka, kwa hiyo haiwaki, na cha 2024 kimeandika kabisa kwamba hayo mafuta hayashiki moto, nadhani walichoka kuulizwa kama mimi. Unataka kuchoma kitu nunua chupa ya mafuta, fedha 1 tu. Ukimmwagia mtu alafu akapata madhara ya moto ndani ya dakika 1, anaongezewa 5. Au mimina sakafuni, futi 5 kwa 5, washa, inaungua raundi 2 na anayeingia humo anakula 5.

Tulimkamata mchawi tukamfunga mikono vizuri na kamba, DM akasema katoweka na speli ya Misty Step. Ametuonea?

Hajawaonea, mmefunga upande mmoja. Speli zina mambo matatu: kutamka, ishara ya mkono, na viambato. Speli ikihitaji mkono na mikono imefungwa basi imekwama, lakini Misty Step haitaki mkono wala kiambato, inataka mdomo tu, na inampeleka futi 30 hadi sehemu anayoiona. Kwa hiyo mchawi hafungwi kama mwizi wa kuku. Mfunge mikono, mzibe mdomo na kitambaa, mfunge na macho, alafu mnyang'anye mkoba wa viambato na fimbo yake. Hapo kidogo mnaweza kulala. Akiwa sorsera (aina ya mchawi) mwenye Subtle Spell, uwezo wa kutupa speli bila kutamka wala ishara, hata mdomo na mikono havimzuii, kwa hiyo mpelelezeni kwanza mjue ni wa aina gani.

Alafu tafadhali, mkishamziba mdomo mkumbuke kwamba mateka hawezi kuwajibu maswali. Nimeona chama kinamhoji mtu aliyezibwa mdomo na kinakasirika kwamba hasemi.

Kleriki mwenye ngao na rungu anaponyaje watu wakati mikono yote imejaa?

Chora alama takatifu kwenye ngao, inaruhusiwa kwa kleriki na paladini. Mkono wenye ngao hiyo unafanya kazi ya kiambato, na kama speli ina kiambato basi mkono huohuo unafanya na ishara. Tatizo ni Cure Wounds, speli ya kuponya, ambayo ina kutamka na ishara lakini haina kiambato, kwa hiyo kwa kanuni ngao haikusaidii, inabidi rungu lirudi kiunoni kwanza. Ajabu lakini ndo ilivyoandikwa. Fiti (uwezo wa ziada) ya War Caster inaondoa huu mzigo wote, na inakupa advanteji (unarusha dadu mbili, unachukua kubwa) kwenye sevu za kushikilia konsentresheni, yaani umakini unaoiendeleza speli.

Mimi mezani kwangu hili la Cure Wounds nimeliachia, na wachezaji waliambiwa siku ya kwanza. DM ana haki ya kulegeza, ila alegeze mapema na kwa wote, sio katikati ya vita kwasababu rafiki yake yuko hatarini.

DM wetu hataki kuturuhusu speli ya Revivify (ya kufufua) bila almasi, anasema lazima iwe ya dhahabu 300. Tuna mkoba wa viambato, si unatosha?

Hautoshi, na DM wenu yuko sahihi, mshukuruni. Mkoba wa viambato wa dhahabu 25, au fimbo, au tufe la kioo, vinashika nafasi ya viambato visivyoandikwa bei. Kikiandikwa bei lazima uwe nacho chenyewe. Speli ya Chromatic Orb inataka almasi ya dhahabu 50, ila hiyo unakaa nayo maisha. Ya Revivify inaliwa, ukitumia imeenda, na una dakika 1 tu tangu mtu afe.

Najua wengi mnaona hii ni karaha ya uhasibu. Mimi nalitetea kwa nguvu zote. Kuna kampeni nilicheza mwaka mzima, kleriki wetu alikuwa amebakiwa na almasi moja, ameishona ndani ya mkanda, kila tukilala anaipapasa kuona kama ipo. Tukaingia kwenye shimo la mifupa, wakafa wawili ndani ya raundi moja. Raundi 10 za kuamua. Meza ilikuwa kimya, mtu na mtu wanaangaliana, mmoja wa waliokufa ndo akasema mpeni yeye, mimi nilishaaga nyumbani. Ile kauli hakuna aliyeiandaa, ilitoka kwasababu almasi ilikuwa moja kweli. Mngekuwa na DM anayesema ah achana na almasi, mngeinuka wote wawili na wiki ijayo hakuna anayekumbuka.

Kwa hiyo nunueni almasi kabla ya kununua deraya mpya. Na DM, weka almasi zipatikane, sio unadai kitu ambacho hakuna duka linauza.

Naweza kutupa speli mbili kwenye zamu moja?

Unatumia kitabu gani? Kila anayeuliza hili hasemi. Kwa 2014, ukitupa speli kwa aksheni ya bonasi (kitendo cha ziada kwenye zamu), nyingine kwenye zamu hiyo lazima iwe kantripi (speli ndogo isiyokula akiba) ya aksheni moja. Kwa 2024, sloti (akiba ya kutupia speli) ni moja tu kwa zamu. Na kama huna kitabu hakuna sababu ya kuomba PDF za wizi, kanuni za msingi zinaitwa SRD, tangu Januari 2023 ziko chini ya leseni ya Creative Commons, pakua bure na usome.

Nikiupasha moto mlango wa chuma na speli ya Heat Metal alafu niumwagie maji baridi, si unapasuka? Hii ni fizikia.

Ni fizikia, ila mchezo sio maabara. Heat Metal inachoma anayegusa hicho chuma, 2d8 (dadu mbili za pande nane), basi. Mlango uko palepale na umekuwa wa moto, sasa hata kuushika huwezi. Kitabu cha DM cha 2024 kimewaambia wazi kwamba kanuni zimewekwa mchezo unoge, hazielezi sayansi ya ulimwengu. Ukianza kudai fizikia pale inapokusaidia jiandae na DM akudai fizikia ya kuanguka, ya njaa, na ya Fireball (speli ya mlipuko wa moto) kwenye chumba kisicho na dirisha. Mlango unataka mtaimbo, dhahabu 2, unakupa advanteji kwenye nguvu popote unapoweza kupenyeza ncha.

Unga unamuonyesha adui asiyeonekana?

Nyayo unaziona, kwa hiyo unajua yuko wapi. Kumpiga bado ni kwa disadvanteji (dadu mbili, unachukua ndogo).

Nimebakiwa na dhahabu 10, level 1, ninunue nini?

Kamba ya katani futi 50, dhahabu 1. Gololi 1. Mtaimbo 2. Kioo cha chuma 5. Inabaki dhahabu 1, hiyo igawe: chupa 9 za mafuta, upondo wa futi 10 kwa shaba 5, na vipande 5 vya chaki. Inaisha kamili, hakuna chenji. Upondo uwe wa kugonga sakafu mbele yako, chaki uweke alama kila kona mliyopita, na kioo ukifungie kwenye ncha ya upondo ili uchungulie kona bila kutoa kichwa.